Uso wa Maskini Si Risiti
Somo: Matendo 6:1-7



Nilipokabidhiwa idara ya wahitaji nilifurahi. Nilisomea biashara chuoni, kwa hivyo mambo ya orodha na hesabu nayajua. Nikatengeneza fomu. Kila aliyepokea unga, mafuta na sukari alisimama mbele ya kanisa, akapigwa picha. Nilitaka waliotoa waone pesa yao imeenda wapi.

Jumapili moja mama mmoja kutoka Mukuru, anayefulia watu nguo estate, aliitwa. Alipoona kamera akarudi kuketi. Nikamfuata nje baada ya ibada. Akaniambia, "Pasta, mtoto wangu anasoma na watoto wa hapa. Heri tulale njaa leo kuliko achekwe kesho."

Sikuwa na jibu. Huyo mama ana miaka arobaini na kitu. Inua Jamii ya serikali huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi, lakini yeye hajafika huko. Alikuwa na sisi tu, na sisi tulimfukuza kwa kamera.

Nikarudi kwa Neno. Huko Yerusalemu wajane waliosema Kiyunani walisahaulika katika mgao wa kila siku. Ona mambo mawili. Kwanza, mitume hawakuwanyamazisha walalamishi. Pili, wale saba waliochaguliwa wote wana majina ya Kiyunani. Mgao uliwekwa mikononi mwa watu walioijua lugha ya walioachwa.

Basi tuliacha picha. Tukachagua akina mama watatu wanaoishi huko huko kwenye ploti. Wao ndio wanajua nani amefungiwa nyumba kwa kukosa kodi, na nani hana nauli ya kliniki. Msaada hupelekwa jioni, ama hutumwa kwa M-Pesa. Vitabu bado vinakaguliwa, kila shilingi. Hiyo ndiyo haki ya aliyetoa. Uso wa jirani yake si haki yake.

Yule mama bado anakuja ibada. Msaada wetu hajaukubali mpaka leo, na simlaumu.

Jiulize wiki hii:
1. Ni nani karibu nawe anahitaji msaada lakini anaogopa kuonekana?
2. Ukitoa, unataka nani ajue?

Tuombe: Bwana, tufundishe kutoa bila kumwaibisha anayepokea. Amina.