Mpangaji Asiyelipa Kodi: Vidokezo 7 vya Kufukuza Ukungu Chumbani kwa Mtoto

Masika yakishika Dar, Tanga au Unguja, hata viatu vya sikukuu huota ndevu kabatini. Tunafuta, tunavaa, tunacheka. Kicheko huisha ndevu hizo zikiota ukutani, juu ya kitanda cha mtoto. Ukungu hurusha vimbegu visivyoonekana, na mtoto, mwenye njia nyembamba za hewa na anayepumua harakaharaka kukushinda, anavivuta usiku kucha. Ndipo mafua hayaishi, kikohozi kinaamsha nyumba nzima, na mwenye pumu kifua kinalia filimbi. Usikate tamaa! Ukungu hauishi bila maji, kwa hiyo tutayawinda maji.

1. Pua kwanza, macho baadaye
Ile harufu ya gunia bichi inayokupokea ukirudi safari, ndiyo yenyewe. Ifuate: nyuma ya kabati, chini ya godoro, kona ya dari penye bati linalovuja. Hukusafiri? Azima pua ya jirani, maana yako imeshazoea.

2. Kabati nalo lipumue
Livute mbele, upana wa kiganja tu, hewa ipite nyuma. Godoro la sakafuni lisimamishe kila asubuhi.

3. Una siku mbili, si wiki
Mvua imeingia dirishani, au mtoto kafanya yake usiku? Kilicholowa kikauke ndani ya saa 24 hadi 48, kabla ukungu haujaanza kujenga. Jua likichungulia hata nusu saa, toa godoro, mito na midoli ya kitambaa. Ndiyo, mtaa mzima utajua nani kakojoa. Nao magodoro yao tunayaona.

4. Chumba cha mtoto si kamba ya nguo
Mvua wiki nzima, nepi ishirini: pole sana. Lakini maji yanayotoka kwenye nepi hayapotei, yanahamia ukutani. Anika barazani, au kwenye chumba chenye madirisha wazi pande mbili. Na usiingize jiko la mkaa ndani ili zikauke upesi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeshaua watu usingizini.

5. Sugua, usifunike kwa rangi
Nani hajapaka rangi juu ya doa siku mbili kabla ya Idi au Krismasi? Na doa likarudi kusalimia wageni! Doa lisilozidi mita moja ya mraba unalimudu mwenyewe. Mtoe mtoto, fungua dirisha, vaa glavu na ile barakoa iliyobaki tangu Korona. Lowesha doa kwanza ili vimbegu visipeperuke, sugua kwa maji ya sabuni, futa, kisha ukuta ukauke kabisa. Ukipenda kutumia jiki, usiichanganye na siki wala dawa ya choo, mvuke wake ni sumu. Dari ya jipsamu iliyolowa ikaota ukungu haisuguliki. Ing'olewe, na bati lizibwe kabla hujaweka nyingine.

6. Mtumie mwenye nyumba picha
Bomba likivuja ndani ya ukuta, au unyevu ukipanda kutoka kwenye msingi, kitambaa chako hakitoshi. Piga picha, mtumie kwa simu, tarehe ibaki. Akikuambia unadeka, mweleze habari ya Awaab Ishak wa Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Desemba 2020. Uchunguzi ulionyesha kuwa ukungu wa nyumba ya kupanga waliyoishi ndio uliomwua, na wazazi wake walikuwa wameshalalamika. Sasa kule ipo sheria yenye jina lake.

7. Kikohozi kiwekee daftari
Andika kinaanza saa ngapi na katika chumba gani. Akikohoa kwako ila kwa bibi analala kimya, mwambie daktari hivyohivyo. Ni habari ya maana kuliko chupa tatu za dawa ulizokwisha nunua. Lakini mbavu zikibonyea kila anapovuta hewa, au midomo ikigeuka rangi, achana na daftari. Mbebe, nenda hospitali usiku huohuo.