Rubani Katika Foleni ya Kinyangiri: Hofu ya Kupoteza Kazi na Afya ya Mfanyakazi

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mwanamume wa miaka 43, mzaliwa wa Kinyangiri wilayani Mkalama, yuko nyumbani msimu wa masika. Anafika kituoni akilalamikia maumivu ya kichwa na kukosa usingizi kwa wiki tano. Shinikizo lake la damu ni 158/98. Muuguzi anaposhika kalamu, mgonjwa anasema kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo naomba usiiandike." Ni rubani wa ndege ndogo ya kukodi. Mkataba wake unakwisha mwezi ujao, na hajaambiwa kama utaongezwa.

Ombi hilo ndilo kiini cha somo letu.

Kwa nini kazi hii haina uhakika

Ndege za kukodi na za makampuni humtegemea mteja wa siku hiyo. Hapa Tanzania sehemu kubwa ya safari hizo hufuata watalii: huongezeka kati ya Juni na Oktoba, hupungua mvua za Aprili na Mei. Kampuni yenye ndege mbili ikiuza moja, marubani wake hawana pa kuhamia. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipofunga anga, marubani wa mashirika makubwa na madogo duniani kote walijikuta nyumbani.

Tena, rubani aliyesimama kazi hupoteza sifa upesi. Kanuni za kimataifa humtaka awe ameruka na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizopita kabla ya kubeba abiria. Aliyevuka miaka 40 na anayerusha peke yake ndege ya biashara yenye abiria, viwango vya kimataifa humtaka apimwe afya kila miezi 6. Mwili wake, kwa hiyo, ni sehemu ya leseni yake. Ndiyo maana anaiogopa kalamu ya muuguzi.

Hofu inavyoingia mwilini

Mtu akikabiliwa na hatari, mwili humwaga adrenalini na kotisoli: moyo huenda mbio, mishipa hubana, usingizi hutoweka. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini hofu ya kupoteza kazi haina siku ya kupita. Aliyefukuzwa angalau anajua pa kuanzia, anayesubiri hajui. Tafiti zilizofuatilia wafanyakazi katika nchi mbalimbali zimeonesha uhusiano kati ya hofu hiyo na sonona, na uhusiano mdogo zaidi na ugonjwa wa moyo. Wengine huongeza pombe ili walale, na tatizo likawa mawili.

Hatari ya kuficha

Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Ufaransa. Watu 150 walikufa. Alikuwa na ugonjwa wa akili ambao mwajiri hakuujua. Wachunguzi walitaja hofu ya kupoteza haki ya kuruka na kipato chake miongoni mwa mambo yaliyochangia ukimya huo. Tusijifunze vibaya: matukio ya namna hii ni adimu mno, na mwenye sonona si mtu wa kuogopwa. Funzo ni kwamba adhabu huzaa siri, na siri humnyima mgonjwa tiba. Tangu mwaka 2010 Marekani imewaruhusu baadhi ya marubani wanaotumia dawa fulani za sonona kuendelea kuruka chini ya uangalizi maalumu. Kutibiwa si lazima kuwe mwisho wa kazi.

Mhudumu afanye nini

Kwanza, mpumzishe mgonjwa, upime tena, kisha umpangie siku nyingine ya kupimwa. Pili, uliza maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Umejisikia mnyonge au kukata tamaa? Akikubali, muulize waziwazi kama amewaza kujidhuru. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apewe rufaa siku hiyohiyo. Tatu, uliza dawa alizonunua dukani. Diazepamu, na hata dawa za mafua zenye klorofenirameni, huleta usingizi na kupunguza umakini. Mweleze asirushe ndege mpaka aonane na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Nne, mwelekeze kwenye haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 kufikisha mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kujua haki hakushushi shinikizo la damu kama kidonge, lakini humpa mtu mahali pa kushika.

Turudi kwa yule muuguzi. Jibu lake liwe hivi: "Kaka, nitaandika, kwa sababu anayekuhudumia kesho lazima ajue. Lakini jalada hili ni siri ya matibabu yako. Si barua kwa mwajiri. Sasa nieleze, usingizi ulianza kupotea lini?"

Swali hilo la mwisho linamfaa pia dereva wa lori, mwalimu wa kujitolea, na hata mhudumu wa afya wa mkataba aliyeketi upande wa pili wa meza.