SOMO LA AFYA: JINO LINAUMA, NA KORONA IPO

Ndugu msomaji, unakumbuka mwaka 2020? Mwezi wa Machi mwaka ule, mgonjwa wa kwanza wa korona alipatikana hapa Tanzania. Watu wakaanza kuogopa hospitali. Mtu jino linamuuma, anatia karafuu, anavumilia. Hofu ile ilikuwa na sababu. Lakini kuvumilia nako kuna hatari yake, tutaiona.

Chumba cha daktari wa meno kiliogopwa hata na madaktari wenyewe. Kwa nini? Vijidudu vya korona hutoka na mate na pumzi ya mgonjwa. Nani awezaye kutibiwa jino huku amevaa barakoa? Kinywa lazima kiwe wazi, na daktari huinama karibu kabisa. Tena kuna ile mashine ya kuchonga jino. Huzunguka kwa kasi sana, na maji hutoka ili jino lisipate moto. Maji yale huchanganyika na mate, yakaruka kama manyunyu. Manyunyu mengine ni madogo mno, hayaonekani. Huelea kama moshi. Chumba kikiwa kimefungwa, hukaa humo muda mrefu.

Huko England matibabu ya kawaida ya meno yalisimamishwa tarehe 25 Machi, 2020. Vyumba vilifunguliwa tena tarehe 8 Juni. Mwanzoni, mashine ikishatumika, chumba kiliachwa kitupu hata saa nzima kabla ya kumwita mgonjwa mwingine. Mwezi wa Agosti, Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa ushauri kwa mahali ambapo ugonjwa ulikuwa unaenea. Matibabu yasiyo ya haraka yangoje. Ya haraka yaendelee. Na pale inapowezekana, daktari atumie vyombo vya mkono badala ya mashine.

Vyombo vya mkono! Hapo sisi Watanzania tuna la kujivunia. Njia ya kuziba jino bila mashine ilianza kutumika hapa hapa kwetu, katikati ya miaka ya 1980. Vijijini umeme ulikuwa wapi? Basi daktari alikwangua sehemu iliyooza kwa chombo kidogo mfano wa kijiko. Halafu akaziba tundu kwa dawa inayogandamana na jino kama saruji. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia iliyoanza kwa sababu ya uhaba ikawa kinga wakati wa korona, maana haina manyunyu. Si kila jino linafaa, lakini. Kama uozo umefika ndani kabisa, njia hii haitoshi.

Je, wewe ukienda utazame nini? Madirisha yawe wazi. Wanaongoja wakae nje, wasibanane. Daktari avae barakoa, na glavu abadilishe kwa kila mgonjwa. (Glavu zilipata kuwa desturi kwa madaktari wa meno baada ya UKIMWI kujulikana, miaka ya 1980.) Koleo la kung'olea liwe limepikwa kwa mvuke katika chombo kilichofungwa, kwa mfano digrii 121 kwa dakika 15. Kulifuta kwa kitambaa haitoshi. Ukiwa na shaka, uliza kwa adabu: "Samahani daktari, vyombo hivi vimeshachemshwa?" Daktari mwema hakasiriki.

Mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Korona yenyewe bado ipo.

Sasa ile hatari ya kuvumilia. Jino bovu likitunga usaha, usaha unaweza kushuka shingoni ukaziba njia ya hewa. Mtu hufa. Ukiona shavu au chini ya taya pamevimba, una homa, kinywa hakifunguki au kumeza ni shida, usingoje kesho. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama korona imerudi. Vaa barakoa mpaka uketi kitini.

KAZI YA KIKUNDI
Kituo chenu cha afya kina mtu wa kutibu meno? Kama hakuna, cha karibu kiko wapi, na nauli ni kiasi gani? Andikeni jibu katika daftari, mlisome mbele ya wenzenu.