Pesti ya Prosesa: Kidogo Ndiyo Dawa

Wiki mbili kabla ya kukusanya ripoti ya mwaka wa mwisho, laptopu yangu ilianza kujizima. Nafungua faili, feni inalia kama mashine ya kusaga, halafu kimya. Fundi akaniwekea pesti mpya. Siku tatu tu, hali ileile. Nilipoifungua mwenyewe nikakuta pesti imejaa kama siagi kwenye mkate. Kumbe tatizo lilikuwa hapo.

Jamani, pesti haipozi kitu. Prosesa hutoa joto, bamba la shaba lililo juu yake hulipokea, feni hulitupa nje. Nyuso hizo mbili kwa macho ni laini, ila zina vibonde vidogo mno vilivyojaa hewa, na hewa hupitisha joto vibaya. Ukipima kwa wati kwa mita kwa digrii, hewa ni kama 0.025, shaba karibu 400. Pesti nyingi huandikwa kati ya 4 na 12. Maana yake, pesti inaishinda hewa kwa mbali, lakini kwa shaba haifui dafu. Kazi yake ni kujaza vibonde, basi. Ikizidi, inageuka blanketi.

Kwenye kuchagua, usihangaikie namba kubwa. Tafuta isiyopitisha umeme. Ile ya metali ya majimaji yenye galiamu iache: inapitisha umeme na inakula aluminiamu. Dawa ya meno nayo usijaribu. Ikikauka, kwisha habari.

Sasa kupaka:

1. Nakili kazi zako kwenye flashi kwanza. Kama dhamana haijaisha, usifungue.
2. Zima, chomoa chaja, kisha tenganisha betri.
3. Toa vumbi kwenye feni na mapezi yake. Mara nyingine mchawi ni vumbi, wala si pesti.
4. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Acha ikauke.
5. Kwenye kompyuta ya mezani, weka tone kama njegere ndogo katikati. Kwenye laptopu chipu iko wazi, hivyo weka kidogo zaidi, usambaze utando mwembamba kwa kadi ya zamani.
6. Vile vipedi laini vya chipu za pembeni usivitupe. Vinaziba nafasi pana ambayo pesti haiwezi kuiziba.
7. Rudisha bamba moja kwa moja, bila kulisogezasogeza. Kaza skrubu kidogokidogo kwa kufuata namba zake. Kama hazina namba, kaza kwa mkato wa msalaba.

Yangu nilifuta yote nikaanza upya kwa tone dogo. Feni bado inasikika nikifungua mafaili mazito, lakini haijajizima tena, na ripoti ilifika kwa msimamizi siku moja kabla ya tarehe. Ukienda kwa fundi, usimwachie mashine ukaondoka. Kaa hapo, na akianza kupaka kama siagi, mwambie: bosi, punguza.