Ngumi Zisizompiga Mtu

Hebu fikiri, rafiki msomaji. Unaishi Mamba, kule milimani wilayani Same. Asubuhi unamwona babu yako akitoka shamba la tangawizi. Zamani alishuka mteremko ule na gunia begani, wewe ukimkimbilia nyuma. Leo hatua zake ni fupi, anaburuta miguu, na mkono mmoja unatetemeka. Akifika penye njia panda anasimama ghafla, kama miguu imegundishwa ardhini. Vijana wenzako wanacheka: "Mzee kesha lewa saa hizi!"

Utafanyaje? Utacheka nao? Au utapita njia nyingine ili wasijue kuwa ni babu yako?

HUO NI UGONJWA GANI?

Huenda ni ugonjwa wa Parkinson. Jina hilo linatokana na daktari wa Uingereza, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna chembe hai zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea vizuri. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, mwili unakuwa mzito na mgumu. Mkono unatetemeka hata ukiwa umepumzika. Mwandiko unakuwa mdogo, sauti inafifia, uso haucheki upesi. Kuanguka kunakuwa jambo la kawaida, na kwenye miteremko ya Upare kuanguka si mchezo.

Wengine husema eti mzee karogwa. Si kweli. Wala ugonjwa huu hauambukizi. Kula naye sahani moja, mshike mkono, hakuna shida.

Usidhani pia kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Mwaka 2005 na 2006 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, humu humu mkoani Kilimanjaro, kwenye eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Waliwakuta wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini, wala hawakuwa na dawa. Walikuwa wamekaa nyumbani tu, wakidhaniwa ni uzee.

NGUMI ZINAINGIAJE HAPA?

Unamkumbuka Muhammad Ali, bondia aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974? Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, madaktari walimwambia ana Parkinson. Aliishi nao hadi alipofariki mwaka 2016. Kupigwa kichwani huumiza ubongo, kwa hiyo hatusemi babu yako apande ulingoni!

Lakini mazoezi ya bondia ni kitu kingine. Bondia hufanya mazoezi ya kusimama imara, kugeuka, kunyoosha mkono kwa nguvu na kufikiri haraka. Kumbe hayo ndiyo mambo ambayo Parkinson humnyang'anya mtu! Mwaka 2006, huko Indianapolis, Marekani, Scott Newman, aliyekuwa mwendesha mashtaka na mwenyewe ni mgonjwa, alianzisha mazoezi ya ndondi ambayo hakuna anayempiga mwenzake. Leo yanafanyika katika nchi nyingi.

Tuseme ukweli: mazoezi hayaponyi Parkinson, na hayachukui nafasi ya dawa. Ila husaidia mwendo, uwiano wa mwili na moyo wa mgonjwa.

ANZENI HIVI

1. Kwanza hospitali. Si kila anayetetemeka ana Parkinson. Ongea na wazazi, babu apelekwe kituo cha afya. Wanaweza kumpa rufaa hadi KCMC, Moshi. Ipo dawa, levodopa, inayopunguza dalili. Waulizeni pia kama moyo wake na presha vinaruhusu mazoezi.

2. Mwombe kwa heshima. Usiseme, "Babu, njoo nikufundishe." Sema, "Shikamoo babu. Naomba unisindikize mazoezini." Akikuitikia "Marahaba, mjukuu wangu," umeshapata mwenzio.

3. Chagueni uwanja tambarare, mkavu, usio na mawe. Wekeni karibu kiti kizito cha kushikilia. Avae viatu vinavyobana vizuri, si kandambili. Mtu mzima mmoja asimame nyuma yake. Kama hawezi kusimama, afanye akiwa ameketi.

4. Simameni bega kwa bega, mkitazama upande mmoja. Miguu ipanuliwe kiasi cha mabega, mmoja mbele kidogo.

5. Pigeni hewa. Hamhitaji glavu wala gunia. Nyoosheni mkono wote, polepole, kisha urudi kidevuni. Ugonjwa huu hufanya mijongeo iwe midogo, basi ninyi ifanyeni iwe mikubwa.

6. Hesabuni kwa sauti. Mwachie babu ahesabu, ili naye azoeze sauti yake. Utafiti mwingine wa huko Hai, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa wagonjwa waliojifunza kufuata mdundo walitembea vizuri zaidi.

7. Mkizoea, toeni amri: "Moja!" ni mkono wa kushoto, "Mbili!" wa kulia, "Tatu!" ni kupiga hatua. Changanya amri, ubongo nao ufanye kazi.

Anzeni na dakika kumi, mkipumzika na kunywa maji kila mkichoka. Kama anatumia dawa, chagueni saa ambayo dawa imemkolea.

ACHENI MARA MOJA akisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi kubana. Akinyanyuka kitini, anyanyuke taratibu.

Siku ya kwanza huenda atapiga ngumi tano tu, halafu aketi. Usimcheke. Kesho mwambie, "Babu, twende zetu." Na siku wale vijana wenzako watakapopita na kucheka tena, waite. Wasimame nao mstarini, babu ahesabu, tuone nani atachoka kwanza!

JADILIANENI

1. Kwa nini ndugu wengi humficha mzee anayetetemeka?
2. Kuna tofauti gani kati ya ndondi za ulingoni na mazoezi haya?
3. Je, kijijini kwenu kuna mzee ambaye hatoki tena nyumbani? Nani atamtembelea wiki hii?