Kuzipima Habari za Intaneti

Siku hizi mwanafunzi aingiapo katika chumba cha kompyuta huweza kupata kwa dakika moja habari ambazo zamani zingemchukua wiki nzima maktabani. Hiyo ni neema kubwa. Lakini kuipata habari ni jambo moja, na kuujua ukweli wake ni jambo lingine. Nataka kueleza namna ya kuzipima habari hizo, na mfano wangu ni Vita vya Maji Maji, ambavyo sote twavisoma katika somo la Historia.

Vita hivyo vilianza mwezi wa Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu na serikali ya Kijerumani. Vilienea sehemu kubwa ya kusini hata mwaka 1907. Sasa, ukitafuta katika intaneti ni watu wangapi waliokufa, ukurasa mmoja utakuambia 75,000, na mwingine 250,000 au hata 300,000. Je, mwanafunzi aandike ipi? Wengi wetu hunakili ile itokeayo kwanza. Yafaa tuulize maswali matatu kabla ya kushika kalamu.

Kwanza, ni nani aliyesema? Hesabu ya 75,000 ilitoka kwa Wajerumani wenyewe. Zile kubwa zilitoka kwa wanahistoria wa baadaye, hasa Gilbert Gwassa wa Tanzania.

Pili, alijuaje? Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Mtu aliyekufa kwa njaa porini hakuandikwa katika daftari lolote. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee, na maneno ya wazee hao yakaandikwa. Basi hesabu zote hizi ni makisio, na kila moja ina asili yake.

Tatu, ni nani mwingine asemaye hivyo? Fungua ukurasa wa pili na wa tatu. Lakini jihadhari, maana kurasa nyingi hunakiliana. Kurasa kumi zilizonakili kutoka mahali pamoja si mashahidi kumi. Ni shahidi mmoja tu.

Hatuna budi kujihadhari zaidi na akili mnemba. Mashine hiyo imefunzwa kwa maandishi mengi mno, nayo hujibu kwa kupanga maneno yaelekeayo kufuatana. Kwa hiyo yaweza kutaja kitabu kisichopata kuandikwa, tena kwa lugha fasaha ile ile itumiayo kusema kweli. Yatusaidia sana kueleza neno gumu au kutunga maswali ya mazoezi. Lakini ikitaja tarehe, hesabu au jina la kitabu, sharti tuthibitishe kitabuni au kwa mwalimu.

Baada ya kuuliza hayo, mwanafunzi ataandika hivi: Wajerumani walikisia watu 75,000, wanahistoria wa baadaye walikisia 250,000 hadi 300,000, na wengi wao walikufa kwa njaa. Jibu hilo ni refu kidogo, lakini linamwonyesha mwalimu kwamba tumeelewa. Tena ni jibu la haki. Tukinakili hesabu ndogo bila kuuliza, watu zaidi ya laki moja, ambao ni mababu wa baadhi yetu, huenda wakaachwa nje ya historia kwa uvivu wetu tu.

Wazazi nao waweza kuyatumia maswali haya matatu nyumbani, habari ya ajabu inapoingia katika simu, kabla ya kuipeleka kwa jamaa na majirani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi tusiione haya kuiuliza hata kompyuta: nani kasema, kajuaje, na nani mwingine ashuhudiaye?