MTANDAO UNA NJIA MBILI

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi. Nimeleta hesabu, na nakuomba usifunue ukurasa kabla hujanisikiza, kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyotunyima nafasi ya kushindana.

Wanachama wenzangu wanakumbuka. Tulikuwa tumerekodi mchezo wetu wa kuigiza, na waandalizi wa shindano walitaka video iwafikie kabla ya saa sita usiku. Kazi ya kuituma nikapewa mimi, kwa kuwa kwetu Donholm tuna intaneti ya kulipia kila mwezi. Faili ilikuwa ya gigabaiti moja na nusu. Nilianza saa nne usiku nikiwa na raha zangu. Kwani haraka ya nini? Kifurushi chetu ni cha megabiti 10 kwa sekunde, na filamu kwetu hazikwami. Saa sita ilipofika, tarakilishi iliniambia kwamba nimetuma asilimia 60. Kesho yake sikujua nitamtazamaje mwalimu mlezi wa chama.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, sikujua kwamba biti na baiti ni vitu viwili. Baiti moja ni biti 8. Kampuni huuza kasi kwa biti, ilhali faili hupimwa kwa baiti. Kwa hivyo gigabaiti moja na nusu, yaani megabaiti 1,500, ni megabiti 12,000. Gawanya kwa 10 upate sekunde 1,200, ambazo ni dakika 20 tu. Hata hapo ningeponea. Kosa la pili ndilo lililotumaliza: ile 10 ni kasi ya kupakua, yaani kuleta vitu nyumbani. Nilipoipima kasi ya kupakia, yaani kutuma, nilipata 1. Megabiti 12,000 kwa kasi ya 1 ni saa 3 na dakika 20. Hakuna aliyetudanganya, jamani. Hatukuuliza.

Mbona iwe hivyo? Intaneti ilipoanza kuuzwa Kenya katikati ya miaka ya 1990, ilipitia waya wa simu ya nyumbani, na ukiingia mtandaoni hakuna mtu angeweza kukupigia. Modemu bora za mwishoni mwa miaka hiyo zilishusha hadi kilobiti 56 kwa sekunde, lakini kupandisha ziliishia 33.6. Baadaye ikaja ADSL, ambayo iligawa waya huohuo wa shaba: sauti ya simu ikawekwa chini, ikafuata njia nyembamba ya kupakia, kisha njia pana ya kupakua. Hebu iwazie Outering ikiwa na leni nane za kurudi nyumbani na moja tu ya kutoka! Hiyo herufi A ya mwanzo maana yake ni kwamba pande mbili si sawa. Waliobuni mpango huo walimwona mtu wa nyumbani kuwa ni wa kusoma na kutazama. Kwamba naye ana lake la kusema, hilo hawakulipa uzito.

Mnamo 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu. Ndani ya nyaya hizo nyuzi huenda kwa jozi, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, kwa hivyo baharini hakuna upendeleo. Upendeleo uko huku mtaani.

Chukua faiba zinazoning'inia kwenye milingoti ya mtaa wetu. Mtindo mmoja unaotumika sana huteremsha takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde na kupandisha 1.25, na nyumba nyingi hugawana uzi mmoja. Ni kama darasani. Mwalimu akisema, wote wanasikia, kila mmoja anachukua linalomhusu. Wanafunzi wakitaka kujibu, lazima wapeane zamu, la sivyo ni kelele. Hata hivyo faiba ina nafasi ya kutosha kumpa mteja kasi sawa pande zote, na ziko kampuni zinazofanya hivyo. Wasio na faiba wana shida nyingine: mlingoti una nguvu nyingi za kusukuma mawimbi, lakini simu au antena yako ya paani ina nguvu kidogo za kujibu. Kwetu ni antena.

Kuna jambo lingine nililogundua usiku ule. Dada yangu alikuwa akitazama filamu, mara akapiga kelele eti nimemharibia. Nilimwona mchokozi tu, kumbe alisema kweli. Kila mzigo unaopokelewa lazima kifaa chako kijibu “nimepata.” Njia ya kutoka ikijaa, majibu hayo hukaa foleni, na anayekutumia hupunguza mwendo. Ukipakia vibaya, hata kupakua kunazoroteka.

Shule zilipofungwa mwaka wa 2020 kwa ajili ya korona, mwanafunzi aliyemsikiliza mwalimu kwa video alihitaji kupakua. Mwalimu mwenyewe, akiwa sebuleni kwake, ndiye aliyehitaji kupakia. Wengi tulidhani mwalimu anagugumia.

Sasa napima kasi zote mbili, saa mbili za usiku majirani wakiwa wamerudi, na ruta ikiwa karibu. Video nayo naipunguza ukubwa kwanza. Ikiwa megabaiti 300, kwa ile kasi yetu ya 1, inatoka kwa dakika 40.

Wiki jana muuzaji wa kampuni nyingine alibisha hodi langoni. “Kijana, hii ni ishirini safi kabisa, mwambie mama.”

“Na ya kupakia ni ngapi, kaka?”

Akanitazama, akatoa simu akapigia ofisi. Nilipoitwa kula, alikuwa bado anasubiri jibu.